Simu Iende Shamba kwa Kazi, Isiende Kutembea

Leo tuweke mbolea na viuatilifu pembeni kidogo. Tuzungumzie kifaa ambacho kila mmoja wetu anaingia nacho shambani lakini hakuna aliyetufundisha kukitumia: simu.

Tuanze na hesabu ndogo. Tikiti maji linakaa shambani kama siku 80 tangu kupanda hadi kuvuna. Ukiperuzi mtandaoni saa 2 kila siku katika muda ambao ungekuwa kazini, mpaka unavuna umetumia saa 160. Gawanya kwa siku ya kazi ya saa 8, unapata siku 20. Siku 20 za kazi kwenye zao la siku 80! Kibarua wako akikuambia hatakuja kazini siku 20 lakini umlipe zote, mtaelewana kweli?

Na hizo saa 2 hazikai pamoja ukaziona. Zinakuja dakika tano tano. Unafungua uangalie saa, unakuta ujumbe. Unajibu ujumbe, unaona status ya rafiki. Kwenye status kuna video, video inaleta nyingine, na ukishtuka jua limepanda. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Siku hizi ni bando bando.

Sisemi utupe simu. Afisa ugani anahudumia wakulima wengi kwenye vijiji vilivyo mbalimbali, na bila simu nisingewafikia hata nusu. Ninachosema ni hiki: simu ni zana kama jembe, panga na bomba la kupulizia. Zana ina kazi yake na saa yake. Hakuna mtu anayetoka na panga asubuhi bila kujua anakwenda kukata nini. Lakini simu tunaifungua kwanza, halafu ndiyo tunatafuta cha kufanya nayo. Hasara inaanzia hapo.

Asubuhi ni ya shamba

Tatizo kubwa la simu kwa mkulima ni saa inayozichukua. Ukiperuzi saa 2 usiku baada ya kula, umepoteza usingizi kidogo. Ukiperuzi saa 1 asubuhi, umepoteza saa ambayo shamba linazungumza.

Chukua mahindi. Viwavijeshi vamizi wameingia nchini kwetu mwaka 2017 na hawajaondoka. Kiwavi akiwa mdogo anakwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe vyembamba. Akikua anazama kwenye moyo wa mmea na kujifunika na kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Hapo hata ukipulizia, dawa haimfikii vizuri. Tangu anapoanguliwa hadi anakomaa ni kama wiki 2 hadi 3 tu. Maana yake una siku chache za kumwahi akiwa dhaifu.

Ndiyo maana tunasisitiza kukagua mara 2 kwa wiki. Tembea zigizagi, simama sehemu 5, na kila sehemu angalia mimea 20. Mahindi yakiwa bado machanga, ukikuta mimea 20 kati ya 100 ina dalili mpya, ni wakati wa kuchukua hatua. Kazi yote hiyo haifiki saa moja kwa ekari. Lakini inahitaji macho yako, na macho hayawezi kuwa kwenye kioo na kwenye jani kwa wakati mmoja. Mshika mbili moja humponyoka.

Tikiti nalo lina saa zake. Maua yake hufunguka asubuhi na kujifunga mchana jua likishakuwa kali. Huo muda mfupi ndio wa nyuki kubeba chavua. Kijana aliyekesha na video anaamka amechelewa, anashika bomba saa 3 au saa 4 asubuhi, anapulizia maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Baadaye tunda linatoka limepinda au limenyonga upande mmoja, naye analaumu mbegu. Tunda lililochavushwa vibaya ndivyo linavyokuwa. Pulizia jioni, nyuki wakisharudi mzingani.

Kuna jambo jingine linalopotea, nalo ni umakini. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake inabaki kule alikotoka. Mikono imehama, akili haijahama yote. Sasa jiweke kwenye pipa la kuchanganyia dawa. Umepima kifuniko cha kwanza, cha pili, simu imelia ujumbe, umechungulia. Ukirudi unajiuliza: hivi nilikuwa nimeweka viwili au vitatu? Ukipunguza, mdudu hafi na anaanza kuizoea dawa. Ukizidisha, unaunguza majani, unatupa hela na unamlisha mteja wako sumu. Wakati wa kupima dawa simu isiwepo kabisa. Hii wala haina mjadala.

Wazee wetu waliitumia redio kwa mpango

Kuna watu wanaodhani kutumia teknolojia kwa nidhamu ni mambo ya Wazungu waliochoka na mitandao. Sivyo. Tanzania ilishafanya hivyo, tena kwa kiwango kikubwa, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kikuu kilikuwa redio. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vijijini, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kwa wiki 12 walikutana kwa ratiba: wanasikiliza kipindi, wanasoma kitabu chao pamoja, wanajadili kinavyohusu kijiji chao, halafu wanakubaliana kazi ya kufanya. Wakitoka hapo wanachimba vyoo, wanafukia madimbwi, wanasafisha vyanzo vya maji. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kwa mtindo huohuo, safari hii juu ya chakula na lishe.

Redio hiyohiyo ilikuwa na muziki na mpira. Wangeweza kuiacha iongee mchana kutwa. Lakini kwa kipindi kile walikuwa na vitu vinne: saa iliyopangwa, jambo moja la kujifunza, watu wa kujadiliana nao, na kazi ya kufanya kipindi kikiisha.

Sasa linganisha na sisi. Tuna kifaa kinachobeba redio, televisheni, maktaba, benki na posta ndani ya mfuko wa suruali, lakini hatuna hata kimoja kati ya vitu hivyo vinne. Unaangalia video 10 za kilimo cha tikiti usiku mmoja, moja ya India, moja ya Israel, moja ya Kenya, na kesho yake hakuna jambo hata moja lililobadilika shambani. Umeburudika na kilimo, hujajifunza kilimo. Video za kilimo nazo zinaweza kuwa uzururaji, tena ule mbaya zaidi, kwa sababu zinakufanya ujione uko kazini.

Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi: baada ya kufunga simu, nini kinakwenda kufanyika shambani? Kama jibu halipo, ulikuwa unatembea.

Muhogo wa Bagamoyo ulioifundisha simu

Nitoe mfano wa teknolojia iliyokaa vizuri, na bahati nzuri umetoka hapahapa kwetu.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi yao ya kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa kuangalia picha za majani. Picha hizo zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya taasisi ya IITA, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Kompyuta ilifundishwa kutofautisha magonjwa 3, yakiwemo batobato na michirizi ya kahawia, pamoja na uharibifu wa aina 2 za utitiri. Ilipopewa picha ambazo haijawahi kuziona, ilipatia kwa asilimia 93.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya PlantVillage ya chuo kikuu cha Penn State cha Marekani, kwa kushirikiana na FAO na IITA. Unaielekeza kamera kwenye jani, inakuambia inachokiona. Inaongea Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Zingatia hapo: bila intaneti. Unaweza kuzima data, ukaingia nayo shambani, na hakuna ujumbe utakaokuvuta njiani.

Lakini hata Nuru haikufanyii kazi ukiwa umekaa. Watafiti walipoijaribu teknolojia hii kwenye simu katika mazingira halisi ya shamba, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha uwezo wake unashuka kuliko kwenye picha za majaribio, na dalili zinazoanza zilikuwa ngumu kwake kuliko zilizokomaa. Hii ina maana kwako. Jani moja halitoshi. Pima majani kadhaa kwenye mmea, na mimea kadhaa shambani.

Tena ujue pa kuelekeza kamera. Batobato inaonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, yanajikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia inaonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, unakuta umanjano unafuata mishipa ya jani. Mtu anayepiga picha akiwa wima anapata majani ya juu tu, wakati ugonjwa uko usawa wa magoti. Na kuna mihogo ambayo majani hayatoi dalili za kutisha, lakini ukiing'oa mizizi ina uozo mkavu wa rangi ya kahawia ndani. Hakuna kamera itakayoona hiyo mpaka uchimbe.

Ndiyo maana nasema programu nzuri ya kilimo ni ile inayokuinamisha. Ile inayokukalisha chini ya mwembe, hata kama inaongea kilimo mwanzo mwisho, ni burudani. Burudani siyo dhambi, ila iwe na saa yake.

Wewe unayelima kwa simu kutoka Dar

Ukanda wetu huu, kuanzia Mapinga, Kerege na Zinga hadi Makurunge na Fukayosi, una mashamba mengi ambayo wenyewe wanaishi Dar es Salaam. Kijana ana ajira au biashara mjini, ana ekari 3 huku, ana msimamizi, na shamba linaendeshwa kwa WhatsApp. Kilimo cha simu kimewalaza wengi, na nadhani najua sababu moja.

Picha inaonyesha kile ambacho mpigaji amekielekezea kamera. Si lazima msimamizi awe mwongo. Mtu yeyote akiambiwa "nitumie picha ya shamba" anasimama mahali pazuri, karibu na tanki, mimea ikiwa imependeza. Wewe mjini unafurahi, unaweka status, unapata pongezi. Kona ya mbali yenye nyasi na utitiri haijapigwa picha hata siku moja.

Kama huna namna zaidi ya kusimamia kwa mbali, fanya hivi:

Chomeka vigingi 5 vyenye namba, sehemu 5 tofauti za shamba, zikiwemo pembe za mbali. Siku 2 za wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, msimamizi atume picha 3 kwa kila kigingi: mstari mzima namba ikionekana, mmea mmoja mzima, na upande wa chini wa jani. Picha zipigwe palepale kila wiki, ili uzilinganishe za leo na za wiki iliyopita. Kwa picha hizo 15 hata mimi nikitumiwa naweza kukushauri.

Halafu acha kumpigia msimamizi mara 10 kwa siku. Kila simu yako inamsimamisha kazi. Mkubaliane muda mmoja, kwa mfano saa 12 jioni, akupe taarifa: nini kimefanyika, nini kimetumika, nini kinahitajika kesho.

Na bado uje mwenyewe. Njoo mbegu zinapoota, njoo maua yanapotoka, njoo kabla ya kuvuna. Kutoka Bunju hadi Bagamoyo mjini ni safari fupi kuliko foleni ya Mwenge ya saa 11 jioni.

Ratiba ya simu ya mkulima

Haya, sasa tufanyeje? Ifuatayo ni ratiba ninayowapa vijana ninaowatembelea. Ibadilishe kulingana na zao lako, lakini usibadilishe msingi wake: kazi kwanza, simu baadaye.

1. Tangu unapoamka hadi saa 3 asubuhi, data imezimwa. Simu za kupigiwa ziingie, maana mgonjwa na mteja wa haraka watapiga. Ujumbe, status na video visubiri. Kama huwezi kujizuia, nenda shamba na kitochi na uache simu janja nyumbani. Kitochi kinapokea simu, kinapokea pesa, chaji inakaa siku nyingi, na kikidondoka kwenye mfereji roho haiumi.

2. Andika kazi kabla ya kufungua. Kwenye daftari: "hali ya hewa, bei ya Ilala, kumlipa wa mbegu." Fungua, fanya mambo hayo 3, funga. Inaonekana ya kitoto, lakini jaribu. Ukiwa na orodha unajua umemaliza. Bila orodha simu haina mwisho.

3. Saa 7 mchana, nusu saa ya ujumbe. Jua ni kali, watu wanakula, ni muda mzuri wa kujibu na kutuma picha.

4. Jioni, kuanzia saa 10 hadi saa 2 usiku, ni muda wa soko. Mzigo mwingi unaokwenda Dar unasafiri usiku ili ufike sokoni alfajiri, hivyo bei unayoihitaji ni ya jioni hii. Uliza watu 3 kabla ya kupakia: dalali wako, mchuuzi wa soko jingine, na mkulima mwenzako aliyeuza jana. Mtu mmoja akikupa bei, ana sababu zake.

5. Usiku kabla ya kulala, dakika 10 za kumbukumbu. Leo umetumia nini, vibarua wangapi, dawa ipi na kiasi gani, umeuza kiasi gani. Simu au daftari, vyovyote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua swali linalokuja: "Afisa, wateja wangu wote wako WhatsApp, nikizima data wataenda kwa mwingine." Waambie saa zako. Andika kwenye maelezo ya akaunti yako: oda za leo zinapokelewa mchana na jioni, jambo la haraka piga. Mteja wa mchicha wa Tegeta hahitaji jibu ndani ya dakika 2, anahitaji mchicha ufike ukiwa haujanyauka. Ukimpelekea mzigo mzuri kwa saa, atakuzoea.

Kijana mmoja wa upande wa Zinga alianza kwenda shamba na kitochi msimu uliopita. Hajaniambia amekuwa tajiri. Aliniambia tu, "Afisa, siku hizi wadudu wangu nawajua kwa sura." Mkulima anayewajua wadudu wake kwa sura hauziwi dawa asiyoihitaji.

Taarifa chache, zenye mwenyewe

Kupunguza kelele kuna faida nyingine: taarifa muhimu inaonekana. Kuanzia msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku imekwenda kwa mfumo wa kidijitali, na mkulima aliyesajiliwa anahudumiwa kwa namba yake. Ujumbe wa aina hiyo ukiingia katikati ya ujumbe 300 wa magrupu, ukautafute wapi?

Kwa hali ya hewa, mfuatilie Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Wanatoa mwelekeo wa mvua kabla ya Masika na kabla ya Vuli, na sisi wa pwani ya kaskazini tunahusika na misimu yote miwili. Kabla ya Vuli ya mwaka 2023 walitabiri mvua za juu ya wastani, na ndivyo zilivyokuja. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, walitoa taarifa mfululizo. Taarifa ya TMA ina tarehe na ina mwenyewe. Sauti ya mtu asiyejitaja inayorushwa kwenye magrupu haina tarehe wala mwenyewe, na inaweza kuwa ya mwaka juzi.

Wizara ya Kilimo nayo ina huduma ya M-Kilimo kwa kupiga *152*00#. Haihitaji intaneti, hata kitochi kinaweza.

Kuhusu magrupu, baki na yale ambayo yamekusaidia kufanya uamuzi ndani ya miezi 3 iliyopita. Mengine toka kwa heshima, au yanyamazishe. Na ukiomba msaada kwenye grupu, omba vizuri. Mtu anatuma jani moja lenye ukungu wa kamera na kuandika, "Wakuu msaada, nyanya zinakauka." Anapata majibu 14, kila jibu lina dawa yake. Anakwenda dukani kununua 3 na kuzichanganya. Nyanya zinaweza kukauka kwa mnyauko, kwa minyoo fundo, kwa ukosefu wa maji au kwa maji kupita kiasi. Dawa ya wadudu haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Tuma hivi: zao na aina ya mbegu, umri wa mmea, eneo, tatizo lilianza lini, limesambaa shamba zima au sehemu, na mara ya mwisho ulipulizia nini. Weka picha 4: shamba, mmea mzima, juu ya jani, chini ya jani. Kama mmea unanyauka, ng'oa mmoja upige picha ya mizizi. Ukishajibiwa jina la dawa, usinunue kwa jina la grupu. Soma lebo dukani: imesajiliwa na TPHPA? Ni kwa zao lako? Inataka usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna? Kwenye mbegu, kwangua lebo ya TOSCI na uhakiki kwa maelekezo yaliyoandikwa palepale. Huo ndio utumiaji wa simu ninaoupenda: dakika 1 inayookoa msimu.

Simu na mtaji wako

Niguse na pesa, maana kwa vijana wengi simu inakula mtaji kuliko inavyokula muda. Mkeka wa elfu mbili mbili kila wikiendi ni mfuko wa mbolea uliokwenda bila kuonekana. Hesabu mwenyewe kwa msimu mmoja.

Mikopo ya mtandaoni ya dakika 5 ndiyo hatari zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mkopo unaotakiwa kurudi baada ya siku 7 au 14 hauwezi kulipwa na zao la siku 80. Mahesabu hayakutani. Ukikopa, kopa kwa taasisi yenye leseni, na ratiba ya kulipa ifuate kuvuna kwako.

Ndiyo maana nashauri uondoe programu za kubeti na za mikopo kwenye simu unayofanyia kazi. Usiseme "nitajizuia." Mbuzi humfungi karibu na mchicha halafu ukamwomba ajizuie.

Anza na siku 7

Usitangaze mabadiliko makubwa, fanya jaribio. Sisi wakulima tunajaribu mbegu mpya kwenye tuta moja kabla ya ekari nzima. Na hili lijaribu kwa siku 7.

Leo usiku, angalia kwenye mipangilio ya simu umetumia saa ngapi kwa siku na kwenye programu zipi. Andika namba hiyo kwenye daftari. Kuanzia kesho, data imezimwa hadi saa 3 asubuhi, na saa ya kwanza ya mwanga unaitumia kutembea shamba lote ukiwa na daftari. Kila siku andika jambo moja uliloliona ambalo hukulijua jana: mdudu, mstari usiopata maji, kona yenye nyasi, ua la kwanza.

Siku ya 8 weka vitu viwili mezani: namba ya saa ulizookoa, na orodha ya mambo 7 uliyoyaona. Kama hakuna hata moja lililokuokolea hela, washa data yako asubuhi na uendelee kama zamani. Lakini kama kuna hata mstari mmoja wa matone ulioziba ukauzibua kabla mimea haijakauka, au kiwavi uliyemkuta bado kwenye vidirisha, utakuwa umepata jibu lako mwenyewe bila kusubiri la kwangu.

Vuli ikija mbegu zitaota asubuhi, kama kawaida yake. Uwepo.

Tuonane shambani.